Kwanza Soko Liitike

Mwende wa ofisi yetu ya afya ameniletea daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili, akaniambia niandike kazi yangu yote kwa ajili ya vijana wanaoingia ofisini. Kurasa mia mbili. Mimi niliacha shule darasa la nne, wakati ng'ombe wa baba walihitaji mchungaji na huyo mchungaji akawa mimi. Barua ndefu zaidi niliyowahi kutuma kabla ya hii ilikuwa ya kuomba mke, na hata hiyo niliandikiwa. Kwa hivyo mkikuta mahali nimeandika vile ninavyoongea, msishangae. Kuongea ndiyo kazi niliyofanya mpaka juzi waliponipa keki na kuniambia niende nyumbani.

Nilikuwa mtu wa kipaza sauti kwa gari la afya. Mkisikia gari linapita sokoni na sauti inasema leteni watoto wapewe matone ya polio, leteni mbwa wadungwe sindano ya kichaa, funikeni choo, chemsheni maji, huyo alikuwa mimi. Nilianza upande wa Kitui, nikamalizia huku Makueni. Watu wengi hawajui jina langu. Wananiita Wa Kipaza, na hata mchungaji wa kanisa letu alinitangaza hivyo kwa harusi ya binti yangu.

Siku ya kwanza sikuwa nimeajiriwa kuongea. Nilikuwa nafyeka nyasi kwa ofisi ya Kitui. Yule mtu wa kipaza wa wakati huo aliamka jino linamuuma, shavu limefura kama ana mkate ndani, na gari lilikuwa linangoja. Bwana afya wetu aliitwa Musyimi. Alikuwa mrefu, mweusi tii, na alivaa koti hata kwa lile jua la Kitui. Sijawahi kumwona akilitoa, na kuna wakati niliamini limeshonwa kwa ngozi. Akatoka nje akaangalia wafanyakazi wote, akaninyooshea kidole.

"Wewe unayeimba ukifyeka. Ingia gari."

"Mimi, bwana?"

"Kuna mwingine anaimba vibaya hivyo?"

Tukaenda soko moja kando ya barabara ya Mwingi. Musyimi akanipa kipaza, akaniambia niwaite watu wa chanjo. Nikashika kile kitu kwa mikono miwili kama kuku anayetaka kutoroka, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Watu wote leteni watoto! Leteni watoto wote hapa sasa hivi!"

Soko likasimama. Mama mmoja aliyekuwa anauza viondo akaweka mkono kichwani. Mwingine akakaa chini. Mzee mmoja akaja mpaka kwa dirisha la gari, akavua kofia, akaniuliza polepole, "Kijana, ni nani amekufa?"

Nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui, kwa hivyo nitaeleza. Kwetu Ukambani mtu mwenye habari ya kawaida anakusalimu, nawe unaitika "Aa." Anauliza watu wa nyumbani, anauliza mvua, anauliza hata yule ng'ombe aliyekuwa mgonjwa mwaka jana, halafu ndiyo anafikia shida yake. Anayeruka yote hayo ametumwa na kifo. Akifika hivyo, hakuna anayengoja amalize. Ukisikia jina tu, unashika leso yako unaenda.

Musyimi akachukua kipaza kutoka kwa mkono wangu. Akasalimu soko kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mlangoni kwa jirani. Halafu akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikafikiri betri imekufa, nikaangalia waya. Ndipo kutoka upande wa mbuzi nikasikia, "Aaa." Halafu upande wa nafaka. Halafu soko lote.

Akanirudishia kipaza. "Sasa umeingia," akasema. "Ukisalimu, hesabu mpaka tano. Kama soko halijaitika, uko nje unapigia ukuta kelele."

Hayo ndiyo masomo yangu yote ya kazi. Nilipelekwa semina nyingi baadaye, nikala kuku wengi sana huko, lakini sikupata kitu cha kuzidi hicho.

Wacha niseme kidogo juu ya gari, maana nimeahidi Mwende nitaandika juu ya vifaa. Ilikuwa pikapu kuukuu na tuliiita Mama Mkwe, kwa sababu ukiikosea heshima kidogo inakuaibisha mbele ya watu. Honi mbili za kutoa sauti, juu ya gari, tulizifunga kwa mpira wa tairi, si waya, kwa sababu waya ulitikisika na kuleta mlio kama nyuki. Kipaza nilikifunga leso. Musyimi alisema ni ya kuzuia vumbi, lakini dereva aliniambia ukweli, kwamba ni ya kuzuia mate yangu. Na betri ya kipaza ilikuwa ile ile ya gari, kwa hivyo ukiongea sana, mnasukuma kurudi nyumbani. Hiyo ilinifundisha kuongea kwa ufupi, ingawa mke wangu anasema sikufundishika.

Mjini Mwingi nako Musyimi hakukubali tufungue kipaza kabla ya kumwona mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akabaki. Tulikunywa chai ya tangawizi nyuma ya duka. Mzee akanisikiliza nikijaribu Kiswahili changu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanangu, Kiswahili chako kina mawe ndani."

"Nitayatoa, mzee."

"Usiyatoe yote, utapungukiwa na maneno. Lakini adhana ikianza, nyamaza. Ikiisha, tusalimie, nasi tutakuitikia."

Na waliitika, kila mara. Huyo mzee ndiye alinifundisha kusema tafadhali. Mpaka leo nikitumia hilo neno huku kwetu, watu hufikiri ninataka kukopa.

Musyimi alistaafu, mimi nikahamishwa Makueni. Nikajua masoko kwa kuitika kwake. Kalamba wanaitika polepole, kwa sababu ya jua. Kikima wanaitika wakicheka, sijui wanacheka nini, nimeshauliza. Nunguni iko juu milimani na asubuhi kuna ukungu, huoni watu, unaona kabichi tu zimepangwa, halafu sauti inatoka kwa ukungu. Sauti ya kwanza kila mara ilikuwa ya Mama Ndunge.

Mama Ndunge aliuza kabichi na viazi karibu na mahali tuliegesha. Ana mwili mdogo na sauti ya mtu mkubwa. Alikuwa anaitika kabla sijafika tatu, na baada ya hapo hakuniacha. Nilimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

"Wa Kipaza, unasema tufunike choo. Chako kimefunikwa?"

"Kimefunikwa, mwaitu."

"Nitakuja kuona."

"Karibu. Ubebe maji ya kunawa."

"Kwani kwako hakuna maji? Watu wa Nunguni, mmesikia? Mwalimu wa maji hana maji."

Soko linakufa kwa kicheko, na katikati ya kicheko nasema yale niliyotumwa kusema. Nusu ya kazi yangu Nunguni ilifanywa na Mama Ndunge bila mshahara.

Mume wake ni Mzee Mutua, fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mutua hakuwa mtu wa maneno, na tena kila wakati alikuwa na misumari mdomoni, kwa hivyo aliitikia salamu kwa nyundo. Mara mbili juu ya kile chuma cha viatu. Ko, ko. Nilizoea hivyo. Mama Ndunge anaitika, nyundo inaitika, halafu watu wengine.

Sasa nafika pale Mwende anataka nifike.

Korona ilipoingia masoko yalifungwa. Mama Mkwe akaegeshwa chini ya ukuta wa ofisi, kuku wakaanza kutaga chini yake. Nilikaa siku nne sina la kufanya, na siku ya tano akaja Mwende. Ndio kwanza alikuwa ametoka chuo kikuu, mtoto wa upande wa Kitui, akiwa na simu mbili na barakoa iliyoshonwa kwa kitambaa cha kitenge. Aliletwa kufundisha umma mambo ya afya kwa mtandao.

"Mzee, soko sasa liko ndani ya simu," akaniambia.

"Limeingiaje?"

Akanionyesha. Alikuwa amefungua grupu la wahudumu wa afya wa vijiji, wazee wa vijiji, akina mama wa soko, watu wa boda. Kila asubuhi maelezo yalitoka juu kwa Kiingereza, yeye anayaweka kwa Kiswahili, mimi nayasema kwa Kikamba na kuyarekodi. Ile sauti ya kurekodi vijana wanaiita voisi. Voisi yangu ya kwanza ilikuwa sekunde kumi na moja, nikimuuliza mke wangu miwani iko wapi. Sikujua nimeshika kile kitufe. Watu wengi walijibu kwamba niangalie juu ya redio, na kweli ilikuwa juu ya redio.

Nilirekodi ndani ya Mama Mkwe, vioo vimefungwa, kwa sababu nje kuku walikuwa wanatangaza mayai yao. Kulikuwa na joto la kuoka mkate. Lakini niliipenda hiyo kazi, siwezi kudanganya. Neno karantini lilinishinda kabisa, kwa hivyo nikawaambia wakae kando vile mama aliyejifungua anakaa ndani na watu hawajazani mlangoni kwake, na wakaelewa. Kulikuwa pia na uongo mwingi unazunguka kwa simu. Huyu anasema ukinywa pombe kali ugonjwa unaungua, yule anasema ni wa watu wa Nairobi tu. Mwende alikuwa ananiletea uongo wa siku hiyo asubuhi kama mtu anayeleta maziwa, nasi tunaujibu mmoja mmoja bila kumtukana mtu.

Shida ilikuwa kimya changu. Nilisalimu kwa simu vile nilisalimu soko, halafu nikahesabu mpaka tano.

"Mzee, hapa kuna kimya," Mwende akasema. "Watu watafikiri mtandao umekatika."

"Hapo wanaitika."

"Wanaitikia simu? Na wewe huwasikii."

"Hata kwa gari wengine siwasikii."

Akacheka, lakini akaendelea. Watu walikuwa wanalalamika bando ni ghali, voisi zije fupi. Alikuwa na programu ya kukata sauti kama vile fundi cherehani anakata nguo. Siku moja akaniuliza kama anaweza kutoa salamu na kile kimya, tuanze na ujumbe wenyewe. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeulizwa na mzee aliyevua kofia ni nani amekufa. Lakini nikafikiri, huyu ana digrii, mimi nina darasa la nne na ng'ombe wa baba, na simu ni ya kizazi chao. Nikasema sawa. Kwa hivyo msimwekee Mwende lawama. Yeye hakujua. Mimi nilijua nikanyamaza.

Ile voisi ya kwanza bila salamu nilitaka kuwaonyesha mfano wa mtu mwema. Sokoni nilikuwa nawataja watu kila siku na wanacheka, hata sikuona haja ya kumwomba mtu ruhusa. Nikasema hivi: "Mzee Mutua, fundi viatu wa Nunguni, amefunga kibanda chake. Yuko nyumbani na mama, wamenawa mikono, wanangoja huu ugonjwa upite. Na wewe fanya kama yeye." Mwende akakata mbele, akatuma. Ilikuwa asubuhi, chai bado iko moto.

Hakuna aliyesikiliza mpaka kufika pale kwa kunawa mikono. Sauti ya Wa Kipaza, hakuna salamu, jina la Mutua. Watu waliweka simu mfukoni wakaondoka.

Kabla ya saa tano boma la Mutua kule juu ya kilima lilikuwa limejaa. Wengine walibeba unga na sukari. Wanaume wawili walileta kuni. Akina mama wa kanisa walipanda ule mlima wakiimba, bila barakoa hata moja, maana huwezi kuimba vizuri na kitambaa mdomoni. Kulikuwa na watu waliotoka Kikima kwa boda, watatu kwa pikipiki moja. Watu wote niliokuwa nawaambia wasikusanyike, niliwakusanya mimi.

Mutua alikuwa amekaa kwa kigoda anakula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Alipoona kwaya inaingia kwa lango, akasimama kwa heshima, akauliza ni nani ametuacha.

Wakamwambia, "Ni wewe."

Hiyo sehemu watu wanaicheka mpaka leo, na hata Mutua mwenyewe. Lakini siku hiyo simu yangu ililia na alikuwa Mama Ndunge, na hakuwa anacheka.

"Wa Kipaza, umenizikia mzee."

"Mwaitu, nilisema yuko nyumbani."

"Ulisema bila salamu. Nani alingoja kusikia yuko wapi?"

"Nisamehe."

"Nina watu boma lote wanakohoa juu ya sukari. Niwasamehe pia?"

Akakata. Baada ya muda kidogo grupu likaandika kwamba Mama Ndunge ametoka. Halafu wengine wa Nunguni nao wakatoka, mmoja mmoja, ametoka, ametoka, kama watu wanaoondoka kanisani wakati mhubiri amekosea. Mwende alikaa kwa ngazi ya ofisi akashika kichwa. Nikamwambia habari ya mzee wa kofia, ile ambayo ningemwambia mapema. Akaniuliza kwa nini sikusema.

Siku zikapita, si nyingi. Mhudumu wa afya wa kile kijiji akatupigia. Alikuwa mama mwangalifu, anapita kila boma na kusimama nje ya ua. Akasema lango la Mutua limefungwa kwa kamba. Alipoita, Mama Ndunge alijibu kutoka ndani kwamba wako sawa na hawahitaji mtu. Watu walikuwa wameanza kuwakwepa, kwa sababu wengine walibaki wakiamini hakuna moshi bila moto, kwamba lazima Mutua alikuwa na ugonjwa ndiyo nikamtaja. Halafu yule mhudumu akaongeza jambo moja tu, kama hana uhakika lina maana.

"Siku tatu hizi sisikii nyundo."

Mutua alikuwa amehamishia viatu nyumbani. Ile nyundo ilisikika ng'ambo ya bonde kila siku. Nikamwambia Mwende, yule mzee ni mgonjwa.

Nilijua kwa nini mama huyu amefunga lango. Kwa simu kulikuwa kumejaa picha za watu wamevaa nguo nyeupe mwili mzima, wamebeba jeneza, familia imesimama mbali kama wageni. Alikuwa anaona akimtoa mzee wake, hatamwona tena, atafukiwa na watu wasiomjua. Na mimi nilikuwa nimeshamzika mara moja. Hangenipa mara ya pili.

Nikampigia, hakushika. Nikaingia ndani ya Mama Mkwe, nikafunga vioo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. Lakini nikakumbuka, maneno mengi ndiyo yalikuwa yamenileta pale. Nikamsalimu tu. Nikamwita Mama Ndunge, nikamsalimu vile ningemsalimu Nunguni, nikahesabu mpaka tano, na nilipofika tano sikuachilia kitufe. Nikaendelea kukishika, nikisikia kuku nje. Halafu nikamtumia hivyo, yeye peke yake.

Alama zikawa rangi ya bluu, maana yake amesikia. Hakujibu.

Kesho yake asubuhi nikatuma nyingine sawasawa na ile. Bluu, kimya. Mwende akaja akasimama kwa mlango wa gari.

"Mzee, si umwambie tu unachotaka? Mwambie tunaleta ambulensi."

"Hajaniitikia."

"Na kama mzee anazidiwa sasa hivi?"

"Nikimwambia kabla aitike, atabeba mzee ampeleke kichakani."

"Mpaka saa sita," Mwende akasema. "Saa sita naenda mwenyewe na gari, na king'ora, na mtu yeyote."

Alikuwa na haki. Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa hivyo kazini, hata siku mbwa wa kichaa aliingia ndani ya pikapu. Kama Mutua angekufa ile asubuhi, angekufa nikiwa nangoja adabu. Nilikaa kwa kiti cha dereva na simu juu ya paja. Sikutuma tena. Sikuwasha redio. Saa nne ikapita. Ilipokaribia saa tano, simu ikatikisika. Ilikuwa voisi ya Mama Ndunge. Sekunde moja.

"Aa."

Hivyo tu. Sauti ya mtu ambaye hajalala. Na kabla sijajua nifanye nini, simu ikalia.

"Hapumui vizuri," akasema. "Midomo imegeuka rangi. Wa Kipaza, usilete king'ora. Usilete wale watu wasio na uso."

Nikamwambia nitafanya hivyo, bila kujua kama ninaweza. Mwende alikuwa amesikia yote. Alichukua simu zake mbili akaanza kupiga na zote. Nilimsikia akimwambia mtu wa ambulensi aache king'ora chini barabarani. Halafu akazungumza na muuguzi, na hapo ndipo nilijua huyu msichana amekuwa mtu wa kazi hii. Akamwambia, "Ukifika langoni usivae kitu kwanza. Simama mbali, uonyeshe uso, usalimu. Ngoja akuitikie. Akikuitikia, vaa akiona unavyovaa." Muuguzi akauliza itachukua muda gani. Mwende akasema, "Hesabu mpaka tano."

Walifika. Yule muuguzi alisalimu kwa lango, na Mama Ndunge akafungua ile kamba mwenyewe. Kale kamashine ka kubana kidole kalionyesha hewa ya Mutua iko chini sana. Alipewa oksijeni pale pale kwa kigoda chake, kisha wakampeleka. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba wangechelewa mpaka jioni hakungekuwa na mtu wa kubeba. Na mimi hiyo asubuhi ya kungoja simshauri mtu aifuate. Naiandika kwa sababu ilitokea.

Mutua alikaa hospitali muda mrefu. Mama Ndunge naye aliugua, lakini kidogo, akiwa nyumbani, na yule mhudumu alikuwa anamwachia uji kwa jiwe nje ya lango. Kila asubuhi nilituma voisi kwa grupu, salamu, kimya, halafu ujumbe, na Mwende hakukata tena kitu. Siku moja grupu likaandika kwamba Mama Ndunge ameingia. Kesho yake nilipotuma, zilifuata voisi za sekunde moja moja, ya kwanza yake, halafu ya mwingine, halafu nyingi. Aa. Aa. Aa. Watu walewale waliolia juu ya bando wakamaliza bando kwa kuitika. Mwende alizicheza zote mpaka ya mwisho, na akasema barakoa inamfanya macho yatoe maji.

Mutua alirudi nyumbani amebaki mifupa. Alikuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka kwa mti wa parachichi na kupumzika. Mkono wa nyundo ulikuwa umekosa nguvu. Mama Ndunge aliniambia ameuza kile chuma, halafu akasema hapana, amekificha tu, kwa sababu mzee akikiona anakasirika. Kibanda kilibaki kimefungwa hata baada ya masoko kufunguliwa.

Tulipoambiwa tunaweza kurudi na gari, tuliwatoa kuku chini ya Mama Mkwe, tukaisukuma, ikakubali. Soko la kwanza nililichagua mimi. Mwende alikuwa hajawahi kuona soko letu, alikuwa anawajua watu kwa sauti tu. Nunguni kulikuwa na ukungu mzito. Kabichi zilionekana, na barakoa moja moja nyuma yake. Ng'ambo ya barabara sikuona kitu.

Nilifunga leso kwa kipaza. Halafu nikampa Mwende.

"Mimi, mzee?"

"Kuna mwingine?"

Akakishika kwa mikono miwili. Akasalimu soko, Kikamba chake kikiwa cha upande wa Kitui. Halafu akanyamaza. Hakuna aliyeitika. Hata Mama Ndunge hakuitika, na nilikuwa namwona pale, amesimama nyuma ya viazi vyake, ameangalia ng'ambo kwa ukungu kama mtu anayempisha mwingine mbele. Mwende akanigeukia. Nikamwonyesha vidole vyangu, kimoja, viwili, vitatu, vinne.

Ko.

Kukawa na kimya kirefu, kama mtu anavuta pumzi.

Ko.

"Aaa," akasema Mama Ndunge, na soko lote likafuata.

Mwende bado alikuwa ananiangalia, kipaza mkononi.

"Sasa umeingia," nikamwambia. "Waambie."